Siku nyumba ilipoingia kazini: shajara ya nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha

Jumamosi, 29 Machi 2025

Funguo tulikabidhiwa jana mchana. Nyumba iko upande wa Northland, hapa Columbus, Ohio: vyumba vitatu, bafu moja, imejengwa mwaka 1964, ina harufu ya mbwa na kapeti la rangi ya chai ya maziwa nyumba nzima. Bei dola 210,000, tumetoa robo, iliyobaki ni mkopo wa miaka 30. Mama Zainabu amezunguka vyumba vyote, akasimama jikoni akasema, "Baba Zainabu, hapa tumenunua kazi." Kweli, maana hata jiko halipo. Wenyewe wamehama nalo na friji juu.

Naanza shajara hii kwa sababu moja. Shemeji yangu alipangisha nyumba miaka mitatu, na kila ikifika Februari anageuza nyumba juu chini akitafuta risiti. Mimi sitaki. Nimenunua daftari gumu na bahasha kubwa. Nimefungua na jedwali kwenye kompyuta, ila daftari nalipenda zaidi.

Jambo la lugha kabla sijaenda mbali. Kiswahili chetu kinaita vyote viwili kodi: anachonilipa mpangaji na ninacholipa mimi serikalini. Humu ndani, cha mpangaji nitakiita pango. Kodi ni ya serikali. La sivyo nitajichanganya mwenyewe.

Jumapili, 6 Aprili

Kapeti limetoka. Tumeling'oa mimi na binamu kwa saa saba, na chini yake tumekuta sakafu ya mbao ya mwaloni, imechakaa lakini nzima. Binamu kakataa pesa, kala pilau la Mama Zainabu sahani mbili, kaondoka na nyingine.

Nimeandika saa zangu: saa 7 leo, saa 5 jana. Nikaweka dola 25 kwa saa, kama ninavyolipwa ghalani. Nadhani nazo zitaingia kwenye gharama.

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi umeme amemaliza: dola 1,720. Kisanduku cha zamani kilikuwa hakifai, na soketi za jikoni na bafuni zilikuwa hazina kinga ya kukata umeme maji yakigusa. Fundi bomba dola 1,190, bomba la chini ya sinki la bafuni lilikuwa limeoza.

Rangi ndiyo imenisumbua. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 zinaweza kuwa na rangi yenye risasi, madini yenyewe, na sheria ya shirika la mazingira la serikali kuu inataka anayelipwa kukwangua au kuvuruga rangi ya zamani kwenye nyumba za namna hiyo awe na cheti. Nilidhani mwenye nyumba akikwangua mwenyewe haimhusu. Inamhusu, kama nyumba ni ya kupangisha. Mchoraji wa bei rahisi niliyekuwa nimeahidiana naye hana cheti, kwa hiyo nimemwacha. Mwenye cheti ametaka dola 3,650 kwa ndani na nje. Nimelia, nimelipa.

Jumamosi, 3 Mei

Rangi imekwisha. Sakafu imepigwa msasa na kupakwa vanishi, dola 2,840. Nyumba inang'aa hadi unaona aibu kuingia na viatu.

Nimejumlisha umeme, bomba, rangi na sakafu: dola 9,400 kamili. Sijapanga, imetokea tu.

Yule kijana anayetujazia kodi kila mwaka, ofisi ipo karibu na duka la nyama tunakonunua mbuzi, nilimpigia simu wiki iliyopita. Akaniambia, "Kaka, yote hiyo unakata mwaka huu huu. Ni matengenezo." Nililala usingizi mzuri siku hiyo. Dola 9,400 zikitolewa kwenye kipato, si mchezo.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimejua kwamba usingizi ule ulikuwa wa bure.

Mama Zainabu, kwa kuwa anafanya kazi hospitali, ana mgonjwa wake wa zamani, bibi mmoja wa Mombasa aliyefanya uhasibu wa kodi Ohio kwa zaidi ya miaka ishirini na bado anashika vitabu vya watu wachache. Ametukaribisha kwake chai na mahamri. Nimempa shikamoo, akaipokea, akavaa miwani, akafungua daftari langu. Nitamwita Bi Mhasibu.

Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. "Nyumba imeingia kazini lini, mwanangu?"

Nikamwambia tumenunua tarehe 28 Machi. Akatikisa kichwa. "Sikuulizi umenunua lini. Nakuuliza imeingia kazini lini. Siku ambayo mtu angeweza kuja na mizigo yake akalala, na wewe ukawa umeitangaza."

Nikasema bado. Basi, akasema, kila ulichofanya humo mpaka leo hukufanya kwenye nyumba ya kupangisha. Ulikuwa unaitengeneza iwe nyumba ya kupangisha. Na kazi inayofanywa kwenye jengo kabla halijaingia kazini, hata kama ni rangi tu, hata kama ni kuziba tundu la msumari, inaingia kwenye gharama ya jengo lenyewe. Huikati mwaka huu. Inachakaa pamoja na jengo: unaikata kidogo kidogo kwa miaka 27 na nusu.

Nikabisha kidogo, nikasema yule kijana wetu ameniambia hivi na hivi. Hakumsema vibaya. Alikwenda kabatini, akarudi na karatasi za kanuni za IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, akaniwekea kidole kwenye mfano mmoja: mtu kanunua jengo, na kabla hajalianza kulitumia akatengeneza ngazi za saruji, akapiga msasa sakafu za mbao, akaziba matundu ukutani, akapaka rangi ndani na nje. Yote yanaingia kwenye gharama ya jengo. Nilihisi kama aliyeandika mfano ule alipita nyumbani kwangu.

Akafanya hesabu mbele yangu. Dola 9,400 kwa miaka 27.5 ni kama dola 342 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza, kwa kuwa nyumba itaingia kazini katikati ya mwaka, nitapata chini ya dola mia mbili.

Nilimeza hamri lakini halikushuka.

Halafu akaniuliza kilichobaki. Uzio wa nyuma. Friji na jiko. Hita ya maji ni ya zamani lakini inawaka. Na Mama Zainabu anataka makabati mapya ya jikoni. Bi Mhasibu akamwangalia mke wangu, akasema kwa upole, "Makabati ya sasa yanafunga?" Yanafunga. "Basi yaache yafunge."

Akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye jalada la ndani la daftari: fanya kwanza yale ambayo bila hayo mtu hawezi kuishi, halafu tangaza, mengine yatafuata. Akaonya pia nisijaribu ujanja. Kutangaza nyumba isiyo na jiko wala maji ya moto ili tu niandike tarehe ya mapema hakuifanyi iwe kazini. Nyumba iwe tayari kweli, siyo tangazo tu. Ila ikishakuwa tayari na imetangazwa, inahesabika kazini hata kama mpangaji hajapatikana bado.

Saa zangu 12 alizipiga mstari mmoja tu. Kazi yako mwenyewe hukati. Ungemlipa binamu kwa hundi tungekuwa na la kuandika. Pilau alilokula halina fomu yake.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekaa na makaratasi ya siku ya kukamilisha mauzo, yale tuliyotia sahihi bila kusoma. Bi Mhasibu amenipa kazi ya kuyagawa mafungu mawili. Bima ya hati, ada ya kuandikisha hati, mwanasheria, na yule mkaguzi aliyepanda juu ya paa: hivi vimeingia kwenye gharama ya nyumba, jumla dola 2,400. Ada ya benki ya kuandaa mkopo, dola 1,575, haiingii kwenye nyumba. Ni gharama ya mkopo na inagawanywa kwa miaka 30 ya mkopo. Dola 52 na senti kwa mwaka. Ndogo, ila amesema akisikia nimeisahau atanichapa.

Halafu ardhi. Ardhi haichakai, kwa hiyo bei yote haiwezi kuingia kwenye uchakavu. Nimeingia tovuti ya mkaguzi wa mali wa kaunti ya Franklin: ardhi wameithamini dola 40,000, jengo 160,000. Ardhi ni moja ya tano. Kwa hiyo katika dola 212,400 zangu, dola 42,480 ni udongo, hazipungui mpaka nauza. Dola 169,920 ni jengo. Ongeza zile 9,400. Jengo langu ni dola 179,320.

Ukiiangalia namba hiyo vizuri unaiona rangi yangu humo ndani, imekauka.

Jumatatu, 9 Juni

Imeingia kazini.

Friji dola 899, jiko dola 749, vyote vimeletwa Ijumaa na vimewashwa. Maji ya moto yanatoka. Ving'ora vya moshi vimefungwa. Nimepiga picha kila chumba, nikahakikisha simu inaonyesha tarehe. Saa tatu usiku nimeweka tangazo: pango dola 1,650 kwa mwezi. Nimehifadhi nakala ya tangazo na kuichapa kwenye karatasi, nimeibandika hapa. Karatasi moja hii ina thamani kuliko bahasha nzima.

Zile gharama ndogo za tangu Machi mpaka leo, ambazo si za kujenga wala kutengeneza chochote, zina mlango wake. Bima ya wiki hizo dola 260, umeme na gesi na maji dola 410, kijana wa kukata majani dola 120. Hizi ni za kuanzia biashara. Sheria inaruhusu kukata hadi dola 5,000 za namna hiyo mwaka wa kwanza, mradi jumla haizidi dola 50,000, na zinazobaki zinagawanywa kwa miezi 180. Zangu haziko karibu na 5,000.

Safari za gari zimenivunja moyo. Nilikuwa nimeandika kila safari, maili 22 kwenda na kurudi, mara 31. Bi Mhasibu kazifuta karibu zote. Kutoka nyumbani kwako kwenda kwenye nyumba ya kupangisha kwa kawaida huhesabiwa kama kwenda kazini, na kwenda kazini hakukatwi, labda kama nyumbani kwako ndiyo makao makuu ya shughuli hiyo. Zilizobaki ni zile za kutoka kule kwenda duka la vifaa na kurudi. Maili 140 kwa senti 70, kiwango cha 2025: dola 98. Kwa hiyo kuanzia biashara ni dola 888.

Ijumaa, 27 Juni

Tumepata mpangaji. Mama na watoto wawili, anafanya kazi hospitali nyingine, si ya Mama Zainabu. Kuchunguza rekodi na matangazo kumegharimu dola 45. Ametia sahihi, nimempa kile kijitabu cha rangi ya risasi ambacho sheria inataka apewe, na ameahidi kuhamia tarehe 1 Julai.

Amelipa pango la Julai dola 1,650 na amana ya dola 1,650. Pango ni kipato. Amana si kipato, kwa sababu ni yake, mimi nimeishika tu. Siku nitakayoibakiza kwa uharibifu ndiyo siku itakuwa yangu. Nimefungua akaunti tofauti ya benki kwa ajili yake ili nisije nikaila kwa bahati mbaya, maana mimi najijua.

Nimesajili pia nyumba kwa mkaguzi wa kaunti kama nyumba ya kupangisha. Kaunti kubwa za Ohio zinataka hivyo ndani ya siku 60.

Wiki hiyo hiyo nimelipa kodi ya mali ya nusu mwaka, na nikaiandika haraka kwenye safu ya makato. Nimeifuta leo. Ohio hulipa nyuma: niliyoilipa ni ya nusu ya pili ya 2024, wakati nyumba ilikuwa ya mtu mwingine, na siku ya mauzo muuzaji alinipunguzia bei kwa ajili hiyo. Nimelipa deni lake kwa pesa yake. Hapo sina cha kukata.

Jumamosi, 12 Julai

Bi Mhasibu kapiga simu mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sheria mpya ya kodi imesainiwa tarehe 4 Julai. Friji na jiko ni vitu vya uchakavu wa miaka mitano. Mwezi Mei aliniambia kwamba kwa mwaka huu tungeweza kukata asilimia 40 mara moja na iliyobaki taratibu. Sasa, kwa vitu vilivyopatikana baada ya tarehe 19 Januari 2025, ni asilimia 100. Dola 1,648 zote, mwaka huu.

Nikamuuliza kama rangi yangu nayo imo. Akacheka mpaka nikasikia kikombe kikigonga meza. Jengo la makazi halimo, mwanangu. Na rangi yako ni jengo.

Jumapili, 17 Agosti

Uzio umesimama, dola 2,900. Mpangaji aliuomba kwa sababu ya mtoto mdogo na barabara ile. Uzio si matengenezo, ni kitu kipya, lakini pia si jengo: unahesabiwa kwenye kundi la miaka 15 pamoja na njia za gari na vitu vya uwanjani, na kundi hilo limo kwenye ile asilimia 100. Ningeusimamisha Mei ungekuwa sawa tu. Siyo kila kitu kinaamuliwa na ile tarehe, naona.

Jumapili, 21 Septemba

Saa kumi na moja alfajiri ujumbe: hakuna maji ya moto, na chini ya ngazi kuna dimbwi. Hita imekufa. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimeenda moja kwa moja na nguo za kazi. Mpya, pamoja na kufunga, dola 1,480, ankara moja.

Hapa nimejifunza mlango mwingine. Ukiambatanisha tamko kwenye fomu zako za kodi la kuchagua utaratibu huo, kitu ambacho gharama yake kwa ankara au kwa kipande haizidi dola 2,500 unaweza kukikata mara moja bila kubishana kama ni matengenezo au ni kitu kipya. Tamko linatolewa kila mwaka, na lazima hata kwenye vitabu vyako mwenyewe ukiandike kama gharama, siyo kama mali. Nimekiandika hivyo kwa wino mwekundu.

Mwezi uliopita bomba la jikoni lilikuwa linadondosha, fundi yule yule wa Aprili kaja kwa dola 165. Hii imekwenda moja kwa moja. Nimekaa nikaziangalia ankara zake mbili, ya 1,190 na ya 165. Mtu mmoja, mkono mmoja, nyumba moja. Moja nitaikata mwaka huu, nyingine nitamalizana nayo mwaka 2052.

Jumanne, 30 Desemba

Mpangaji kalipa pango la Januari leo, anasafiri kwenda kwa ndugu zake. Nimemshukuru. Kisha nimekumbuka: pesa inahesabika mwaka niliyoipokea, siyo mwaka inaouhusu. Hilo pango la Januari 2026 ni kipato changu cha 2025. Mapango saba kwa miezi sita ya kukaa. Dola 11,550.

Nimefikiria kumwambia asubiri siku mbili. Nikaona aibu. Na mwisho wa yote, pesa ukishapewa mkononi, kuifumbia macho hakubadili tarehe.

Jumamosi, 21 Februari 2026

Siku nzima mezani kwa Bi Mhasibu. Mama Zainabu kaleta vitumbua, wamekaa wanaongea habari za Mombasa na Tanga huku mimi natoa jasho.

Fomu inaitwa Schedule E, na uchakavu una fomu yake, namba 4562. Tuliandika hivi. Pango dola 11,550. Riba ya mkopo tangu nyumba iingie kazini, kama dola 6,230. Bima 726. Friji na jiko. Uzio. Hita. Bomba la 165. Matangazo na ukaguzi wa mwombaji 45. Safari za dukani za baada ya Juni, dola 42. Ada ya mkopo kwa miezi hiyo, dola 31, na hapo Bi Mhasibu akaniangalia juu ya miwani. Gharama za kuanzia, 888. Mwisho uchakavu wa jengo: mwezi wa kuingia kazini huhesabiwa nusu, kwa hiyo Juni ni nusu na miezi mingine sita mizima, inakuja dola 3,532. Ndani yake, zile 9,400 zangu zimechangia dola 185.

Dola 185. Chini ya mia mbili, kama alivyosema siku ile ya mahamri. Ukisikia namba unaivumilia. Kuiona imeandikwa kwenye fomu ni jambo jingine.

Jumla ya makato ni dola 17,687. Nyumba imepata hasara ya dola 6,137 kwenye karatasi, ingawa benki akaunti yake haikukauka hata siku moja. Hasara ya nyumba ya kupangisha kwa kawaida haigusi mshahara wako, lakini kuna nafasi kwa watu kama sisi. Kama unashiriki mwenyewe kuchagua wapangaji, kupanga pango na kuidhinisha matengenezo, unaruhusiwa kutoa hasara hadi dola 25,000 kwenye kipato kingine. Nafasi hiyo inapungua kipato kikivuka dola 100,000: kwa kila dola mbili zinazozidi, inapungua moja, na kwenye 150,000 imekwisha. Mimi na mke wangu tumekaa kwenye 118,000, kwa hiyo nafasi yetu ni 16,000. Hasara yote imepita.

Tuko kwenye ngazi ya asilimia 12. Kwa hiyo hasara ya dola 6,137 imetupunguzia kodi ya serikali kuu dola 736. Watu wanaposema "nyumba inakufutia kodi", wajue wanazungumzia namba ya aina hii.

Nilimuuliza Bi Mhasibu kama naweza kuuacha uchakavu mwaka huu niutumie baadaye mshahara ukipanda. Hapana. Siku ya kuuza, serikali itahesabu uchakavu uliokuwa na haki ya kuuchukua, uwe umeuchukua au hukuuchukua, na sehemu hiyo ya faida inaweza kutozwa hadi asilimia 25. Kuuacha ni kulipa kwa kitu ambacho hukukila.

Kabla hatujaondoka nilimwambia kwamba yule kijana wa ofisi ile angekata zile 9,400 zote, na labda hakuna ambaye angeuliza. Hakunikasirikia. Alinirudishia daftari, akafungua ukurasa wa tarehe 9 Juni, lile tangazo lililobandikwa, akasema, "Mwenye karatasi hii hahitaji labda."

Jumapili, 12 Aprili 2026

Fomu zilienda wiki tatu zilizopita. Bahasha ya 2025 nimeifunga kwa gundi, nimeandika mwaka juu, iko juu ya kabati. Bahasha mpya iko mezani, bado tupu, isipokuwa kitu kimoja.

Mpangaji alituma picha: rangi ya dari ya bafuni imebanduka pale mvuke unapogonga, kipande kama sinia ya kulia. Nimemwita mchoraji yule yule mwenye cheti. Amekwangua, amepaka, amefagia, nusu siku. Dola 210. Rangi ya kopo lile lile lililobaki Mei mwaka jana, nyeupe ile ile.

Nimeandika: 11 Aprili 2026, matengenezo, bafuni, dola 210, yote mwaka huu.

Risiti imo ndani.